Vipande Vyekundu vya Mfarishi

Kengele ya shule ilipolia alasiri, Umeme ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka getini. Umeme halikuwa jina la daftarini. Watu wa mtaani ndio waliompachika kwa sababu ya kasi yake. Akitumwa dukani, muuza duka anaapa kwamba alimwona akirudi kabla hajamwona akija. Akiosha vyombo, sahani zinajikausha zenyewe kwa woga. Bila shaka watu waliongeza chumvi, lakini hakuna aliyebisha kwamba binti yule wa miaka kumi na miwili alikuwa na mikono myepesi kweli kweli.

Aliishi na Shangazi yake, fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana. Kulikuwa na cherehani ya miguu karibu na dirisha, meza ndefu ya kukatia katikati, na kamba ukutani iliyoning'iniza nguo za wateja zikingoja vifungo. Sakafu ilifagiliwa asubuhi na jioni, na bado ukitembea peku unaondoka na nyuzi za rangi zote kwenye nyayo.

Siku hizo lakini, meza ndefu ilikuwa imetekwa na kitu kimoja tu: mfarishi. Yaani blanketi la tabaka tatu. Juu kuna vipande vidogo vya vitambaa vilivyounganishwa, chini kuna shuka zito, na katikati imelazwa pamba. Kisha zote tatu zinashonwa pamoja kwa mkono, mstari kwa mstari, ili pamba isije ikakimbilia kona moja.

Mfarishi ule ulikuwa wa hospitali. Mwaka uliopita Shangazi aliteleza bafuni akavunjika mguu, akalazwa wodi ya mifupa kwa muda mrefu.

"Dawa walinipa, chakula walinipa, maneno matamu walinipa," alipenda kusimulia. "Lakini ile baridi ya alfajiri! Blanketi jembamba kama karatasi. Nilikuwa nauonea wivu mguu wangu uliofungwa plasta. Wenyewe umelala kwenye joto, mimi mwenye mguu natetemeka."

Aliporudi nyumbani akakusanya wenzake. Wa kwanza alikuwa Mama Pacha, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye watoto wawili wanaofanana mpaka yeye mwenyewe huwaita wote kwa jina moja kuokoa muda. Wa pili alikuwa Babu Honi, dereva mstaafu wa lori, mwenye sauti iliyompa jina lake. Sindano aliijulia barabarani, akishona maturubai ya mizigo.

"Nilishona turubai moja," alisema siku ya kwanza, akitunga uzi kwa mbali kama anayelenga shabaha, "upepo ukaja, ukaligusa, ukaomba radhi, ukapita upande wa pili."

"Babu, huu ni mfarishi, si turubai," Mama Pacha akamkumbusha. "Punguza hatua. Mishono yako mtu anaweza kuingiza kidole."

"Mgonjwa lazima apumue, mama."

Kazi ya Umeme ilikuja kabla ya sindano zote. Shangazi alikuwa na gunia la mabaki ya vitambaa, na kila kipande kilitakiwa kifuliwe kwa maji moto, kisuuzwe, kianikwe, kipigwe pasi, ndipo kikatwe.

"Kitambaa kipya kina siri mbili," Shangazi alimweleza. "Kinanywea, na kinachuja rangi. Tunataka kinywee hapa na kichuje hapa, kwenye beseni letu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Shangazi."

Akafua kweli. Alifua vya bluu, vya kijani, vya maua na vya mistari, mpaka vidole vikakunjamana. Likabaki furushi moja chini ya gunia, mabaki ya mapazia ya mteja, jekundu la kung'aa. Wakati huohuo nje wasichana walikuwa wamefunga kamba ya kuruka, na rafiki yake Kijiti, msichana mwembamba mwenye mdomo usiopumzika, alikuwa akiita dirishani, "Umeme! Zamu yako inapita! Tunampa mwingine!"

Umeme akalitazama furushi. Likamtazama na lenyewe. Halafu akachovya vidole kwenye maji, akalinyunyizia matone machache, akalipiga pasi, akalikunja. Vitambaa vikatoka vimenyooka, laini, vyenye joto zuri, utadhani vimetoka kwenye kamba ya kuanikia.

"Umefua vyote?" Shangazi akauliza jioni.

"Vyote, Shangazi."

Na Shangazi, ambaye angeweza kuona uzi uliokatika kutoka ng'ambo ya barabara, akaamini. Akavichukua vile vyekundu, akavipenda, akavikata miraba midogo, na kila mraba akauweka katikati ya ua la vitambaa vingine. Kila ua la mfarishi likawa na moyo mwekundu.

Majuma yakapita. Umeme akasahau, au akajifanya amesahau, na mambo hayo mawili kwa mbali yanafanana sana. Mfarishi ukawa mzito na mzuri, ukabaki kushonwa pindo tu kuzunguka kingo zake.

Ndipo jioni moja akaja Sista, muuguzi wa wodi ya mifupa, yule aliyemuuguza Shangazi. Alikuja na sare yake, amechoka, lakini alipoona mfarishi umetandazwa mezani akasahau hata kukaa.

"Jamani! Huu mmeshona nyinyi?"

"Isipokuwa upande huu," Mama Pacha akasema. "Huu umeshonwa na lori."

Babu Honi akacheka hadi mkasi ukatikisika mezani.

Sista akaupapasa mfarishi, kisha akavuta kiti. "Sasa niwaambie ukweli. Matroni, mkuu wa wauguzi wetu, alikuwa hataki. Zamani kuna watu walileta blanketi za kushona kwa mkono, zikatiwa kwenye mashine na mashuka ya wodi, zikachuja. Mashuka yote yakatoka na madoa. Tangu hapo akapiga marufuku. Nimembembeleza mpaka akakubali mmoja tu, wa majaribio. Ukifuliwa salama, tutapokea na mingine. Ukiharibu mashuka, basi tena. Wagonjwa wataendelea na baridi yao."

"Kwani lazima ufuliwe?" Kijiti akauliza. Alikuwa mlangoni, maana penye mazungumzo Kijiti hakosekani.

"Lazima, tena kwa maji ya moto sana na dawa. Kitanda kimoja kinalaliwa na mtu leo, mwingine kesho. Mgonjwa ana kidonda, mwingine ana upele. Maji ya vuguvugu yanawaogesha tu vijidudu, hayawaui."

Shangazi akatabasamu bila wasiwasi. "Sista, hapo tulia. Kila kitambaa kimefuliwa kwa maji moto kabla ya kukatwa. Na aliyefua ni huyu hapa." Akamshika Umeme bega. "Peke yake. Gunia zima."

Wote wakamtazama Umeme. Mama Pacha akasema, "Hongera, mwanangu." Umeme akatabasamu kwa midomo tu.

"Basi nitakuja kuuchukua keshokutwa," Sista akasema.

Kesho yake baada ya shule Umeme akamvuta Kijiti nyuma ya nyumba. Alikuwa na kipande chekundu kilichobaki, beseni dogo na maji ya moto.

"Nipe kitambaa chako cha pua."

"Cha nini? Ni cheupe hiki, ni kipya!"

"Nipe tu."

Wakavitumbukiza vyote viwili. Hawakusubiri sana. Maji yakaanza kubadilika taratibu, kama mtu anayeona haya, kisha yakawa mekundu kabisa. Umeme alipokitoa kitambaa cha pua, kilikuwa na rangi ya fizi.

"Ee! Mama ataniuliza!" Kijiti akalia. Halafu akamtazama rafiki yake usoni, akashusha sauti. "Vile vyekundu hukuvifua?"

Umeme akatikisa kichwa.

"Labda tutie chumvi. Nimesikia chumvi inashika rangi."

Wakatia chumvi. Wakatia nyingi, kiasi ambacho kingeweza kuunga chakula cha harusi. Maji yakabaki mekundu, ila sasa yakawa mekundu ya chumvi.

"Basi nyamaza," Kijiti akashauri. "Kule hospitali kuna nguo elfu. Watajuaje ni nyinyi?"

"Utakuwa mmoja tu, Kijiti. Wa majaribio. Watajua mara moja."

"Sasa utafanyaje?"

Umeme akalitazama beseni. Alikuwa akiona mashuka meupe ya wodi nzima yakigeuka rangi ya kile kitambaa cha pua, na Sista amesimama mbele ya Matroni bila la kusema.

Jioni ile wote walikusanyika kumalizia pindo. Umeme akajaribu kupitia mlango wa nyuma wa maneno.

"Shangazi, huoni kama nyekundu imezidi?" alisema, akitazama dari. "Inaumiza macho. Na wagonjwa wanahitaji rangi za kupoza. Labda tungetoa hivi vya katikati, tukaweka vingine."

"Nyekundu imuumize nani?" Babu Honi akanguruma. "Mimi nikilazwa niletewe nyekundu tupu! Nikifumbua macho nijue bado ni mzima. Ukiniwekea kijivu nitadhani nimeshafika mbinguni na huko nako kuna wingu."

"Ndiyo iliyoupendezesha," Mama Pacha akaongeza. "Acha, mwanangu, usituongezee kazi. Vidole vyangu vimetoboka kama chujio."

Sindano zikaendelea. Pindo likazunguka kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Upande wa mwisho ulipobaki kipande kifupi tu, Shangazi akasimamisha kazi. Akatunga uzi mpya, akafunga fundo, akamkabidhi Umeme sindano.

"Mshono wa mwisho ushone wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyeianza kazi hii kwenye beseni. Ni haki yako kuimaliza."

Umeme akaichukua sindano. Akaishika juu ya kitambaa. Mkono uliokuwa ukishinda upepo ukagoma kabisa kusogea.

"Vipi?" Babu Honi akatania. "Leo umeme umekatika?"

Hakuna aliyecheka, kwa sababu Umeme alikuwa analia.

"Vyekundu sikuvifua, Shangazi," alisema. "Nilivinyunyizia maji nikavipiga pasi. Nilitaka kwenda kuruka kamba. Halafu nikakudanganya. Leo nimejaribu kimoja kwenye maji moto, kimechuja. Kimechuja sana. Muulize Kijiti, kitambaa chake cha pua kimeharibika."

Shangazi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena.

"Vyote vyekundu? Au baadhi?"

"Vyote."

Mama Pacha akaweka mkasi mezani kwa kishindo. "Mtoto wewe! Unajua nimeacha watoto wangu wangapi jioni kuja kukaa hapa? Wote wawili! Mfarishi umekwisha, unatuambia leo?"

"Nisamehe, mama."

"Nisamehe, nisamehe! Jana ulipopewa hongera ulikuwa wapi?"

Umeme akainamisha kichwa. Hatimaye Shangazi akasema kwa sauti ya chini:

"Jana ungesema ingekuwa afadhali. Siku ile ya beseni ingekuwa afadhali zaidi. Lakini umesema kabla kazi haijatoka mlangoni. Kwa hiyo mfarishi bado ni wetu, na bado unatengenezeka." Akavuta simu kutoka kwenye droo. "Mpigie Sista. Mwambie kesho asije, na umwambie kwa nini. Mwenyewe."

Simu ile ilikuwa nzito kuliko cherehani. Sista alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akashusha pumzi ndefu.

"Afadhali nimesikia kwako kuliko kusikia kwenye mashine ya kufulia," alisema. "Nitaongea na Matroni. Sijui atasemaje. Nyinyi tengenezeni."

Kazi ya kufumua ikaanza. Kushona ni kwenda mbele, unaona unapofika. Kufumua ni kurudi ulikotoka, kwa ncha ya mkasi mdogo, uzi mmoja mmoja, ukiomba usitoboe kitambaa cha jirani. Umeme alijaribu kasi yake ya kawaida, na kwenye ua la kwanza tu akakata kitambaa chenyewe. Shangazi akaja, akaziba tundu, akamwonyesha tena.

"Vuta uzi, usivute kitambaa. Hapa hakuna anayekukimbiza."

Basi kila alasiri, kelele za kamba zikiingia dirishani, Umeme alikaa mezani na mkasi mdogo. Kijiti alipita dirishani kumwita, akamwona, akaingia ndani akakaa naye. "Nitaokota nyuzi," alisema. "Lakini kitambaa changu cha pua unanidai."

"Wewe ndiye unayenidai mimi."

"Vyovyote, kimoja kinadaiwa."

Kikabaki kitendawili cha vitambaa vya kuweka mahali pa vile vyekundu. Gunia lilikuwa tupu. Siku moja Babu Honi akaingia na mfuko begani, akaumwaga mezani. Yalikuwa mashati yake ya kazi ya zamani, ya rangi ya chungwa, yamechakaa lakini bado imara.

"Haya yamefuliwa miaka yote niliyokuwa barabarani," alitangaza. "Yamefuliwa mitoni, mabwawani, na mara moja kwenye mvua iliyonyesha ikitokea chini. Rangi iliyobaki hapo imekataa kufa. Chukueni."

Umeme akayachukua. Pamoja na hayo akachemsha maji, akayafua, akayasuuza mara mbili, na maji ya mwisho akayapeleka kwa Shangazi kwenye bakuli jeupe. "Tazama, Shangazi. Yako meupe."

Shangazi akatazama ndani ya bakuli kwa muda. Jioni ile alimpa Umeme mkasi mkubwa akate miraba mwenyewe.

Mama Pacha alikuwa ameapa hatarudi. Akarudi siku ya tatu, akisema amekuja tu kuazima kijiko, akakaa mpaka usiku ulipoingia. "Ua hili umeliweka upande," alimwambia Umeme, akivuta sindano. "Sogea, nikuonyeshe." Na hivyo ndivyo Umeme alivyojua kwamba amesamehewa.

Mfarishi ulipokwisha kwa mara ya pili, Matroni alikubali kuupokea, kwa sharti moja. Utafuliwa mbele yake, na walioushona wawepo.

Chumba cha kufulia cha hospitali kilikuwa nyuma ya jengo, chenye joto la mvuke na mashine kubwa zenye vioo vya duara. Matroni alikuwa mama mrefu, mkavu wa maneno. Aliamuru mfarishi utiwe ndani pamoja na mashuka mawili meupe. Mashine ikaguna, ikaanza kuzunguka. Umeme akabandika macho kwenye kioo. Chungwa likapita, bluu ikapita, nyeupe ikapita. Pembeni Babu Honi, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, hakuwa na hadithi.

Mashine ikatulia. Maji machafu yakaanza kutoka kwenye bomba kwenda kwenye mfereji. Matroni akainama kuyatazama, na wote wakainama naye. Yalikuwa maji ya povu, ya kijivu kidogo. Hayakuwa na rangi nyingine.

Mashuka yakatolewa. Meupe, pe!

"Haya," Matroni akasema. Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa hotuba.

Ulipokauka, Sista aliwaongoza mpaka wodini. Kwenye kitanda cha dirishani alilala bibi mmoja aliyevunjika nyonga, amejikunja kwa baridi. Sista akamfunika. Bibi akapapasa ua moja, akapapasa la pili, akauvuta mfarishi mpaka kidevuni.

"Nani ameshona?" akauliza.

"Sisi, Bibi," Umeme akajibu. "Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mlikuwa wapi siku zote? Kidogo tu mngenikuta nimeshapona." Akacheka, akafumba macho, na kabla hawajapata la kumjibu akawa amelala.

Wakatoka kwa kunyata. Kwenye korido Shangazi akasimama, akamgeukia Umeme.

"Unajua nilivyokasirika siku ile?"

"Najua, Shangazi."

"Hujui. Nilihesabu vifungo vyote vya shati la Babu Honi nisije nikasema neno baya. Lakini sikiliza, mwanangu. Kila anayefanya kazi hukosea. Kosa likisemwa, watu wanakaa chini wanalifumua, wanalishona upya. Likifichwa, linatoka nyumbani pamoja na kazi, linakwenda kumsubiri mtu asiyejua lolote. Yule bibi mle ndani hana nguvu hata ya kugeuka. Angeyaweza makosa yetu?"

"Asingeyaweza."

"Uliogopa, na bado ukasema. Ndiyo sababu nitakupa tena kazi. Siyo kwa sababu una kasi. Kwa sababu sasa ukiniambia umefanya, najua umefanya."

Umeme alitaka kujibu, lakini mlango wa wodi ukafunguka nyuma yao. Matroni akatoa kichwa nje.

"Nyinyi wa mfarishi! Mgonjwa wa kitanda cha pili anauliza wa kwake utakuja lini."

Babu Honi akafungua mdomo kuahidi kesho. Mama Pacha akamkanyaga mguu. Shangazi akamtazama Umeme, akamwachia yeye ajibu.

"Mwambie unakuja, Mama," Umeme akasema. "Ila asituharakishe. Tutaanza kwa kufua."